Pombe Isiyo na Mwenyewe

Jumamosi, 3 Novemba 1951. Mpemba.

Naomba radhi kwa kimya hiki kirefu. Tangu nistaafu ualimu nimekuwa nikingoja jambo jema la kuandika. Halikutokea. Basi naandika lililopo.

Nyumba yangu inavuja. Mvua za mwaka jana tulihamisha kitanda kila pembe ya chumba, na maji yakatufuata kila pembe. Mchwa wamekula fito. Pensheni inatosha chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Mabati ni ndoto. Nyasi ninazo, zimelala uani, kavu, nzuri. Mikono ya kuezeka sina.

Huku kwetu mikono huja kwa njia moja. Mwenye nyumba hupikisha pombe ya ulezi, majirani hufika alfajiri, na jua likielekea kuchwa paa limekamilika na mitungi imekauka. Jirani yangu Enoka, aliyerudi kutoka migodi ya shaba na kofia tatu na majivuno, aliezekewa mwezi jana kwa siku moja. Waliimba! Lakini mimi ni mzee wa kanisa. Ni mimi niliyesimama mbele ya washirika nikataka Enoka atengwe na meza ya Bwana kwa ajili ya mtungi kama huo.

Roda, mke wangu, amesema hatalala tena na sufuria kifuani ya kukingia maji. Mvua ya kwanza ikimkuta ndani, atakwenda kwa dada yake Loisi huko Mbebe, na hatarudi mpaka paa liwe paa. Alisema huku akisuka mkeka, bila kuinua macho. Anapopaza sauti sina wasiwasi. Hakupaza.

Nimepata njia. Chai!

Jumanne, 6 Novemba.

Chai imeshindwa.

Nilitangaza kanisani: kazi ya kuezeka, chai ya maziwa, sukari bila kipimo. Walikuja wajane, mwinjilisti Barnaba mwenye kiuno kibovu, na Boazi, ambaye hupanda paa kama tumbili. Wajane walikunywa. Barnaba aliliombea paa, ombi refu, kikombe mkononi. Boazi aliizunguka nyumba, kisha akaniuliza kwa adabu mtungi umefichwa wapi. Nikamweleza kwamba chai humtia mtu nguvu.

"Mwalimu," akasema, "chai inanitoa jasho nikiwa nimekaa. Nipande juu kutafuta nini?"

Walicheka wote. Hata Barnaba.

Jioni nikaenda Chapwa kwa Jairo, niliyemfundisha kusoma, nikamkumbusha wajibu wa mwanafunzi kwa mwalimu wake. Alinipa kiti. Akasema angekuja kwa moyo wote, ila nilimchapa viboko alipopanda paa la shule kufuata kiota, nikamwapisha asipande paa tena maishani. Amelishika neno langu. Nilijivunia sana, mpaka nilipofika nusu ya njia.

Sukari ya mwezi imekwisha. Roda anakunywa uji wa chumvi huku akinitazama.

Ijumaa, 9 Novemba.

Njia mpya, na safi kabisa. Sheria ya kanisa inamkataza mzee kupika pombe na kunywa pombe. Haimkatazi kugawa ulezi. Nimempelekea Ferista, mke wa Enoka, ulezi wetu wote, zawadi ya ujirani. Yeye atapika kwake. Watu watafanya kazi kwangu, watakunywa kwake. Mimi nitasimamia.

Enoka alikubali kabla sijamaliza kueleza. Pengine kutengwa kumemfunza unyenyekevu.

Roda ameuliza mbegu ya mwaka huu itatoka wapi. Nimemwambia mambo huenda kwa hatua.

Jumamosi, 17 Novemba.

Sijui nianzie wapi.

Walifika alfajiri, wengi, Boazi akiwatangulia. Wakaezua paa la zamani lote, vumbi na panya vikimwagika. Nyumba ikabaki mifupa. Nilisimama chini nikitoa maelekezo, nikajiona tena niko mbele ya darasa. Kisha wakashuka, wakaketi. Ferista na wenzake wakaleta mitungi mpaka uzioni, katikati ya kwangu na kwa Enoka. Boazi akauliza pombe ni ya nani.

Hii ndiyo desturi, nami nimekulia humu, lakini sikuikumbuka. Kabla mtungi haujaguswa, mwenye pombe husimama, hutaja kazi anayoiombea watu, hunywa kata ya kwanza ili wote waone haina sumu. Pombe isiyo na mwenyewe hainyweki. Na anayeonja, kazi ya siku hiyo hufanyika kwake.

Macho yote kwangu. Barnaba naye amesimama njiani, Biblia kwapani. Nikaanza kueleza tofauti iliyopo kati ya ulezi na pombe. Nilieleza vizuri, kwa mifano. Enoka alikuwa ameninyooshea kata; nilimwona mkono ukimchoka.

Roda akatoka ndani ya nyumba isiyo na paa.

"Baba Tusekile, sema ni yako," akasema. "Mungu ameshaona ulezi ulikotoka."

Nikasema pombe ni ya majirani wote kwa jumla.

Mwishowe Enoka akasema ni yake, akalitaja shamba lake la bondeni, akanywa. Wakafuata majembe yao wakaenda kumlimia. Waliimba.

Jumapili, 18 Novemba.

Mvua. Ndani.

Jumatatu, 19 Novemba.

Roda ameondoka. Alichukua mkeka na sufuria, akawaaga majirani mmoja mmoja. Hakunilaumu. Alisema aliolewa na kijana asiye na nyumba na hakuona vibaya. Hakujua kwamba angezeeka na mtu asiyeweza kusema kilicho chake ni chake.

Jumatano, 21 Novemba.

Naandika jikoni kwa Enoka, ninakolala sasa. Paa lake halivuji hata tone, nimelichunguza. Ferista ananipakulia ugali na kuniita shemeji.

Enoka ameniambia umebaki ulezi wa mtungi mmoja mkubwa. Utapikwa, nitasema neno langu, nitaonja, na Roda atarudi. Barnaba naye alikuja, akanong'ona kwamba wazee watanitenga miezi michache kisha watanipokea, na yeye mwenyewe atanitetea. Watu wema. Hawafikiri mbali.

Mimi nimegundua jambo. Binamu yangu Efraimu anakaa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Pombe itapikwa kwake. Mwenyewe atakuwa yeye. Ataonja yeye, chini ya serikali nyingine na wazee wa kanisa wengine. Watu watavuka, watakunywa, watarudi kuniezekea. Boazi amesema anayekunywa Nakonde hulala Nakonde. Hilo ni suala la mpangilio tu.

Mchana nimepata salamu kutoka Mbebe. Roda hakuuliza habari za paa. Ameuliza kama nimelisema lile neno. Nimemrudishia jibu kwamba jambo linahitaji kupimwa, hasa kama Efraimu asimame au aketi anapoonja.

Nikishaamua nitaandika.