Milioni Moja na Moja, Mali ya Prudent

Jumatatu, tarehe 9 mwezi wa pili

Blanchard, préfet, mkubwa wa shule yetu, ametangaza: klasi ya sixième math, ile ya mwisho ya hesabu, itapata mwalimu mupya. Ni mimi ao mwalimu mwenzangu Delphin. Ijumaa wazazi wanakuja, kila mmoja wetu ataonyesha kitu, kisha yeye atachagua. Miaka sita niko nafundisha watoto wadogo kujumlisha. Miaka sita! Klasi hiyo ninaitamani mpaka chakula hakipiti. Delphin anatayarisha masomo yake, maskini. Mimi natayarisha ajabu.

Jumanne

Nimepata! 1 000 001. Ndefu, nzuri, na ukiisoma toka kuume ao toka kushoto ni ileile. Kwa mbili inakataa. Kwa tatu, saba, kumi na moja, inakataa. Basi ni nombre premier: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nikaendelea mpaka nonante-sept, 97, nikasimama hapo. Namba iliyokataa zote za chini ya mia itaogopa nini huko juu? Tena kaye, daftari yangu, ilijaa.

Jumatano

Nimeiandika kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa shule, upande wa barabara. Chini yake: PRUDENT ALIIGUNDUA. Delphin akauliza kama nilijaribu mpaka elfu moja. Nikamwambia aache wivu. Akacheka tu. Anaudhi sana, mutu yule.

Ijumaa

Wazazi tele ukumbini. Nikavaa koti yangu ya ndoa. Nikatangaza kwamba mutu akigawanya namba yangu bila kubakisha kitu, mimi mwenyewe nitamwachia Delphin klasi. Nani alinituma? Préfet akaandika maneno yangu.

Akasimama mzazi mmoja, mama Kanyere, mwenye kununua avoka kule Kpandroma na kuziuza huku Ngezi. Akasema mambo ya premier hayajui, lakini yeye hununua kwa mia na matabisi: kila mia, muuzaji anamuongeza moja ya bure. Fungu lake ni avoka mia na moja. Akaomba chaki. Mafungu elfu kumi yanataka avoka 1 010 000. Zinapita namba yangu kwa 9 999, na hizo ni mafungu 99 kamili. Akayatoa. Yakabaki mafungu 9 901, na hakuna avoka hata moja pembeni.

Akaniuliza nilifika wapi katika kujaribu. Nikajibu nonante-sept.

"Mwalimu," akasema kwa upole, "ulibakiza kidogo tu."

Ukumbi mzima ukacheka, préfet mbele yao. Klasi ni ya Delphin.

Jumamosi

Nimetumwa kufuta ukuta. Nimepaka chokaa asubuhi yote, roho inaniuma, sitadanganya. Delphin akaleta ngazi na kunisaidia. Hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. Lakini akaniambia kwamba mwaka ujao klasi ya cinquième, ile ya chini yake, nayo itatafuta mwalimu. Nikachangamka palepale.

Jumapili

Safari hii sifanyi haraka. Baada ya misa nimekaa na kaye mupya. 1 030 721. Kubwa kuliko ile! Nimeijaribu kwa zote, mpaka mia na moja, mara mbili, na inakataa kabisa. Nikasimama hapo, maana nani Ituri yote anauza avoka kwa mia na tatu? Ukuta uko mweupe, safi. Nimeshaiandika, na jina langu safari hii ni kubwa zaidi.