Mtu Aliyeomba Matangazo

Mswaki aliingia saluni ya Shangazi kwa ajili ya usalama, si kwa ajili ya nywele. Barabarani kulikuwa na bwana mmoja ambaye asubuhi ile alikuwa amenunua kwake jozi ya viatu vizuri sana, vyote viwili vya mguu wa kushoto, na sasa alikuwa akimtafuta huku akichechemea. Jina la Mswaki lilikuwa la kupewa. Waliompa walisema huyu mtu huingia kinywani mwa kila mtu na kila mara hutoka msafi.

"Kaa hapo, baba, unatuziba," Shangazi alimwambia bila kumtazama. Huyu ndiye aliyekuwa mwenye saluni, na mtaa mzima ulimwita hivyo, hata wazee waliomzidi umri. Mikono yake ilikuwa kwenye kichwa cha mteja, macho yake kwenye televisheni, dude la zamani lenye kisogo kikubwa, lililokaa juu ya kabati la taulo.

Mswaki akakaa. Harufu ya nywele zilizopigwa pasi ilijaa chumba, na viti vyote vilikuwa na watu, ingawa vichwa vya kusuka vilikuwa viwili tu. Dereva wa teksi alikuwa ameacha gari nje. Muuguzi alikuwa bado na sare ya kazini. Mwalimu mkuu mstaafu alishika gazeti mbele ya uso wake, juu chini, ili ionekane kwamba hakuja kutazama tamthilia.

Tamthilia ilikuwa *Wosia wa Bibi Mkubwa*, iliyotoka ng'ambo na kutiwa sauti za Kiswahili, hata midomo ya waigizaji ilikuwa ikifunga kabla maneno hayajaisha. Bibi Mkubwa alikuwa amekufa na kuacha mali ya kutisha. Wosia wake ulisema kwamba mmoja wa wafanyakazi wa nyumbani kwake ndiye mtoto aliyemzaa kwa siri. Basi jioni hiyo mwanasheria alichana bahasha, akavaa miwani, akalamba midomo.

"Mtoto wangu halisi," akasoma, "ni..."

Akatokea mwanamke aliyejaa povu, anacheza ngoma ndani ya karai. Ilikuwa sabuni.

Yowe lililotoka saluni humo lilimwamsha mbwa wa jirani. Baada ya sabuni zikaja nepi, baada ya nepi mikopo nafuu, baada ya mikopo rangi ya nyumba, kisha ile sabuni tena, kwa faida ya wale waliokuwa wamesinzia wakati wa ile ya kwanza. Tamthilia iliporudi, mwanasheria alikuwa amekwisha funga mkoba na yuko ndani ya gari. Jina lilikuwa limetajwa na watu wamezimia, lakini sisi tulikuwa tunafuliwa.

"Wamekata!" Muuguzi alirusha kitana kikagonga kioo. "Wamekata tena, washenzi hawa!"

"Miezi yote nimengoja," dereva alisema, sauti ikimtetemeka kweli. "Miezi yote, halafu nepi. Mimi nina mtoto wa kuvaa nepi? Mwanangu anafuga ndevu!"

Wenye hekima husema televisheni ni kioo cha jamii. Ikiwa ni kweli, basi jamii yetu huoga kila baada ya dakika nane na bado inanuka.

Mswaki hakuwa mtu wa kutazama televisheni. Alikuwa mtu wa kutazama watu, na katika muda ule mfupi aliona mambo mawili. La kwanza, hawa walikuwa tayari kutoa chochote ili wajue jina lile. La pili, matangazo yalipoanza, hakuna aliyebaki akitazama upande wa televisheni. Wote waligeuka kwa hasira wakatazamana, wakasonya, wakatoka kujisaidia. Dude lile lilibaki peke yake kama mgonjwa wa upele.

Alimfuata dereva nje, akaegemea gari.

"Kaka, sipendi kuona mtu mzima anaumia. Mtoto wa mama yangu mdogo yuko pale kituo cha televisheni. Yeye ndiye mkataji wa picha. Vipande vyote anaviona kabla ya kuvitupa."

"Usinitanie! Basi ni nani?"

"We unamdhania nani?"

Dereva akafikiri. "Mimi namwona yule dereva wa familia. Ana adabu. Na siku ile alivyoufungua mlango wa lile gari, nilijua tu, damu ya kitajiri."

Mswaki akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akashika kifua. "Nani amekwambia?"

Dereva alilipa hapo hapo, akaapa kutomwambia hata mkewe.

Kesho yake muuguzi aliuliza swali lilelile, akaulizwa swali lilelile, akajibu kwamba kwa maoni yake ni yule muuguzi aliyekuwa akimpa Bibi Mkubwa dawa, na Mswaki akashika kifua kilekile. Mwalimu mstaafu alikwisha gundua mwenyewe kwamba mrithi hawezi kuwa mwingine ila yule mwalimu wa nyumbani, kwa sababu ya lafudhi yake, akalipa ili athibitishiwe tu. Kiswahili ni lugha yenye huruma kwa matapeli. Ukisema "mtoto", husemi ni wa kiume wala wa kike, na kila mtu humvisha nguo anazopenda yeye.

Hapo tapeli wa kawaida angeshukuru akaondoka. Mswaki alikuwa msanii. Alijua mtu akishapata siri, kitu cha kwanza anachotaka ni kumuumiza nayo jirani yake.

"Jamani," akasema siku moja saluni, kama mtu aliyechoka kukaa kimya, "kwa nini tusiwekeane dau kidogo la kirafiki? Kila mtu ataje mrithi. Sehemu ya mwisho ikionyeshwa, aliyepatia anachukua kapu zima."

Watu watatu waliojua jibu wakajitahidi kuonekana wajinga.

"Mimi sijui kitu," dereva alisema. "Labda nibahatishe tu. Dereva."

"Hata mimi nabahatisha," muuguzi akasema kwa upole mwingi. "Tuseme muuguzi."

Mwalimu mstaafu akakunja gazeti. "Kamari ni dhambi. Lakini huu nauita utafiti. Mwalimu."

Watu wengine wakamtaja mtunza bustani, wengine dada wa kazi. Mswaki akamtaja mpishi, maana hakumwamini mpishi hata kidogo. Fedha zikaingia katika kopo kubwa la mafuta ya nywele, na Mswaki akanyoosha mkono alichukue, mtunzaji mwaminifu.

"Kopo halitoki humu," Shangazi alisema. "Weka pale juu ya televisheni. Pale ndipo penye macho ya wote."

Mswaki nusura ambusu. "Na wewe Shangazi, unamtaja nani?"

"Mimi naweka kwamba hatutaambiwa."

Saluni nzima ikacheka. Muuguzi alicheka mpaka akashika mbavu. "Shangazi! Ni sehemu ya mwisho! Wasipotuambia siku ya mwisho watatuambia lini?"

"Chekeni tu," Shangazi alisema, akaweka noti zake ndani ya kopo, akarudi kwenye kichwa cha mteja.

Wiki zilizofuata, kila aliyelisikia jina kwenye tamthilia akiwa bado amezimia, kopo lilinenepa. Kila aliyejua siri aliongeza dau kwa kuwahurumia wenzake. Mwalimu mstaafu alileta fedha za miwani mipya. Dereva alileta fedha za matairi, na gari lake lilikuwa na matairi vipara ambayo askari wa barabarani walikuwa wakiyapapasa kwa huzuni. "Nikishinda nabadilisha yote manne," alimnong'oneza Mswaki, "na cha kubaki nanunua gari la pili." Mswaki naye akamwaga humo kila alichopata kwa kuuza siri, na akiba yake yote juu yake, kwa sababu kuku hutaga upesi penye yai jingine. Hakuwa na wasiwasi. Kopo lote lilikuwa lake.

Alikuwa amekwisha fanya mazoezi. Siku moja, nepi zilipoanza, alisimama akalinyanyua kopo, akapangusa vumbi chini yake kwa leso, akalirudisha. Hakuna aliyeona. Siku ya pili alilishusha akalipakata mapajani, akaimba wimbo wote wa sabuni pamoja na yule mwanamke wa karai, kisha akalirudisha. Hakuna aliyeona. Akanunua kopo la aina ileile, akalijaza misumari na magazeti mpaka uzito ukawa sawa, akalitia kwenye mkoba. Mpango ulikuwa mwepesi. Siku ya mwisho, tangazo la kwanza likianza, kopo kwa kopo, kisha mlango, kisha basi la jioni. Yeye atakuwa anakula kuku mji mwingine wakati mwanasheria anafungua bahasha.

Ikafika siku yenyewe. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya masinki. Mswaki alipata kiti cha mbele, mkoba miguuni. Muziki ukapigwa, kisha akatokea mtangazaji mwenye tai nyekundu.

"Watazamaji wetu wapenzi, tumesikia kilio chenu. Leo, kwa heshima yenu, sehemu hii ya mwisho itaonyeshwa yote, mwanzo hadi mwisho, bila tangazo hata moja!"

Saluni ililipuka. Watu walikumbatiana. Dereva alifuta machozi waziwazi. Katika furaha ile kubwa ya umma alikuwapo mtu mmoja tu ambaye damu ilimganda, naye alikuwa amekaa kiti cha mbele.

Tamthilia ikaanza, na macho yote yakabandikwa kwenye televisheni, yaani chini ya kopo kabisa. Mswaki alingoja. Huenda ni uongo, akajipa moyo, hawa watu wa vituo hawajawahi kusema kweli. Lakini maneno yalifuata maneno na machozi yakafuata machozi, na hakuna aliyekuja kuwafulia.

"Jamani, naona kama picha inatetemeka," akasema, akiinuka. "Niigonge kisogo kidogo?"

"Kaa!" saluni ikajibu kwa sauti moja.

"Hivi hamnyooshi miguu? Damu inaganda."

"Nyooshea nje," muuguzi akasema bila kugeuka.

Mswaki akanusa hewa. "Nasikia harufu ya kuungua. Jamani, moto!"

"Ni nywele za mteja wangu," Shangazi akasema. "Kaa, baba."

Basi la jioni likapiga honi ya kwanza kituo cha mabasi. Mswaki akajaribu kusimama taratibu, kama mtu anayenyoosha mgongo, mkono ukipanda kuelekea kopo. Kitana kikampiga sikioni, kikafuatwa na ndala. Akakaa. Jasho lilimshuka, na mtu aliyekuwa karibu naye alisikia akinong'ona, "Sabuni. Leteni sabuni. Jamani hata rangi ya nyumba. Watu hawa hawana biashara? Nchi itaendeleaje?"

"Unaomba matangazo?" mwalimu mstaafu alimtazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyekojoa darasani.

Honi ikalia ya mwisho, na basi likaondoka na kiti chake kitupu.

Basi mwanasheria akaingia. Akaketi. Safari hii alikuja kuusoma upya wosia uleule, mbele ya hakimu. Akavaa miwani. Akalamba midomo. Katika saluni hakuna aliyevuta pumzi, na dereva, muuguzi na mwalimu walikuwa wameegemea mbele na tabasamu tatu zinazofanana.

"Mtoto wangu halisi," akasoma, "ni..."

Muziki. Giza. Maandishi meupe yakapanda polepole: *Itaendelea msimu ujao.*

Halafu yakaja matangazo, yote yaliyozuiwa jioni nzima, yakimiminika kama bomba lililopasuka: sabuni, nepi, mikopo, rangi, sabuni. Watu wakageuka wakaipa televisheni visogo. Mswaki akaruka, mkono juu, akashika hewa. Kopo lilikuwa kwapani mwa Shangazi.

"Nilisema hatutaambiwa," alisema kwa utulivu.

"Haiwezekani!" dereva akafoka. "Mswaki aliniambia kabisa kwamba ni..." Akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Alikuambia nini?" muuguzi akauliza, macho yamemtoka.

Mwalimu mstaafu akaanza kukohoa, akakohoa zaidi ya inavyostahili.

"Sema, mwanangu," Shangazi akasema. "Hapa sote ndugu. Alikuambia nini, na ulimlipa ngapi ili utushinde sisi ndugu zako?"

Mmoja alitazama dari, mwingine viatu, mwingine gazeti lililokuwa juu chini. Watu wengine wakaanza kutoka wakilaani kituo, mtangazaji na tai yake.

"Shangazi," Mswaki akasema, "ulijuaje?"

"Sikujua. Nauza mafuta ya nywele. Umewahi kusikia nikimwambia mteja nywele zake zimetosha?" Akamgeukia dereva. "Wewe, kesho niletee hilo gari. Nitakuvalisha matairi, na utanipeleka sokoni bure mpaka yaishe tena. Watu wengine mnakufa bila sababu barabarani."

Dereva akaitikia, akatoka. Lakini hakuondoka. Kupitia dirishani Mswaki alimwona akisimama kando ya gari, mikono kifuani. Muuguzi alisimama ng'ambo ya barabara, akijifanya anasubiri usafiri. Mwalimu mstaafu alifungua gazeti chini ya taa ya barabarani. Kila mmoja alitaka maongezi na Mswaki, faragha.

Mswaki akarudi taratibu katikati ya chumba.

"Shangazi, nioshe nywele."

Shangazi akamwangalia kichwa, ambacho hakikuwa na unywele hata mmoja. "Zipi?"

"Basi osha kichwa. Kisha nikaushe. Polepole."

"Una hela?"

Mswaki akavua saa mkononi, akampa. Shangazi akaisikiliza kama inatembea, akaitia mfukoni, akamwonyesha kiti. Tapeli akaketi chini ya kikaushio mpaka hewa ya moto ikamfunika masikio, uso ukielekea televisheni, akatazama nepi, mikopo na rangi ya nyumba, moja baada ya jingine, bila kugeuza macho, mtu wa kwanza katika historia ya mtaa ule kuyatazama mpaka mwisho.