Kalamu ya Mkafuri na Kibao cha Kobe

Jumatatu, 6 Mei

Leo nimeanza rasmi. Mjukuu wangu Yun-chi ana mtihani wiki ijayo, na Jumapili hii kalamu za watahiniwa wote wa mji wetu wa Sanyi zinapelekwa hekaluni, zikabarikiwe na Wenchang, mungu wa wasomi. Yake haitakuwa ya dukani. Itakuwa ya mkafuri, mti wa boriti ya nyumba aliyozaliwa mama yangu. Kipande kilichobaki kimetoa kalamu tatu. Zote nimekwisha kuzikereza. Zinanukia mpaka barabarani.

Bado kuziunganisha. Ncha ya chuma huku, kizungushio kule, vyote vishindiliwe ndani ya mti, tena vikae wima. Ipo mashine ndogo ya kazi hiyo. Jirani yangu Peng anayo. Kaja mwenyewe kunipa, eti nichukue tu, haili wali ile. Nikamjibu kwamba fundi wa kweli hujitengenezea zana. Akasema mchagua jembe si mkulima. Nikamchukia kidogo.

Jumanne, 7 Mei

Jeki ya gari! Sijui kwa nini mafundi wengine hawajafikiria. Nimeifunga chini ya benchi la kazi, kalamu juu yake, nikapampu. Pampu ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu, kwaa! Imepasuka katikati. Peng akauliza kutoka ng'ambo ya ukuta kama tuna sikukuu, maana amesikia fataki.

Jeki inainua tani mbili. Labda ni nyingi kwa kalamu.

Alhamisi, 9 Mei

Nimehamia kwenye jiliwa. Jiliwa hubana polepole, haina papara. Nikakaza, nikakaza tena. Kalamu ikachomoka, ikapita dirishani, ikaangukia uani kwa Peng, kwenye majani ya haradali aliyoyaanika. Kairudisha mwenyewe. Ina ufa kutoka kichwani hadi miguuni. "Kaka Fan," akasema taratibu, "mashine yangu iko palepale." Afadhali angenicheka.

Imebaki moja. Boriti imekwisha, na mama hana nyumba nyingine.

Ijumaa, 10 Mei

Nimepata! Kosa si jiliwa. Kalamu ilikosa pa kulala. Inahitaji mfereji wa kuishika imenyooka, tena kwenye mti mgumu. Msonobari nimejaribu, unabonyea kama tofu.

Jikoni, kwenye msumari, unaning'inia mti mgumu kuliko yote nyumbani. Ni kibao cha mke wangu Chiu-lan, cha kuchapia ile mikate myekundu ya mchele ya sadaka. Kimechongwa kobe upande mmoja na pichi upande wa pili. Aliachiwa na bibi yake. Sikukikata, nisisingiziwe. Nimechimba mifereji miwili tu sambamba, maana wa kwanza ulitoka mwembamba. Pichi ni dogo, nikalihurumia. Kobe ana mgongo mpana.

Chiu-lan alikuwa sokoni. Nimelaza kalamu, nimekaza jiliwa, na vyuma vimeingia kama vimeitwa. Unazungusha, ncha inatoka. Unazungusha, inarudi. Nilitokwa na machozi, sioni haya kuandika. Kibao nimekirudisha msumarini, mifereji ikitazama ukuta.

Jumapili, 12 Mei

Chiu-lan ameamka kuchapa mikate thelathini ya kupeleka hekaluni. Wa kwanza ulipotoka akautazama sana. Kobe ana matuta mawili mgongoni, na bonde katikati. Hakukuwa na wakati wa kutafuta kibao kingine, na pichi ni dogo mno kwa sadaka, basi akachapa yote thelathini vilevile.

Hekaluni meza imeinama upande mmoja, na kila mwaka kalamu hubiringika. Yun-chi akalaza yake kwenye bonde la mkate. Ikatulia. Watoto wengine wakaona, wakaomba nao. Ubani haujaisha, kalamu thelathini zimelala juu ya kobe thelathini. Mama mtunza hekalu akauliza akili hii katoa nani. Nikavuta pumzi nijibu. Peng akaniwahi, akatangaza kwamba fundi wa kweli hujitengenezea zana. Watu wakapiga makofi. Chiu-lan hakupiga.

Njiani akasema neno moja tu. "Kibao kile ndicho bibi alichochapia mikate ya arusi yangu." Nikaona aibu, aibu ya kweli.

Jumatatu, 20 Mei

Mtihani ulikwisha jana. Yun-chi ameandika insha yote kwa kalamu ya mkafuri, wino haukukatika hata mara moja. Amenikumbatia.

Chiu-lan hajanisemesha kwa siku nane. Wali napewa, chai napewa, neno sipewi. Akitaka kuniambia kitu anamwambia paka. Siwezi kuishi hivi. Nimeamua kumchongea kibao kipya, kobe mzima, mgongo bila bonde.

Peng kasikia, kaleta gogo zuri la mti mgumu, bure. Nimelikataa. Kibao cha heshima namna hii kinataka mti wenye historia ya ukoo, na nimeuona stoo. Ni benchi alilokalia bibi yake Chiu-lan maisha yake yote. Mti uleule, umri uleule. Linakaliwa na watu watatu, na sisi tuko wawili. Nikikata shubiri moja tu pembeni, nani atajua?

Chiu-lan yuko sokoni mpaka saa sita. Msumeno nimeshaunoa.