Msemaji wa Safari ya Pangani

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Ndani ya basi, Kahama–Dodoma.

Tumeondoka Nyahanga, mtaa wetu hapa Kahama, alfajiri, kila mtu na begi lake mgongoni. Watatu: mimi Deusdedit, Amira fundi cherehani, na Sufiani, fundi wa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kule Geita. Mimi sikumwalika Sufiani. Aliyemwalika ni Amira.

Safari yenyewe ni ya Amira. Baba yake alitoka Pangani akiwa kijana, akafuata almasi Mwadui, hakurudi tena kwao. Alifariki mwezi Machi. Mama mzazi wa huyo baba, Bi Mwahija, bibi yake Amira, hajui. Hana simu, wala Amira hajawahi kumwona. Anakwenda kumwambia kwa mdomo. Njiani tutapita Bagamoyo na Tanga, tuone bahari.

Nilimwambia Amira aniachie mimi hayo maneno. Pwani naijua, nimekaa sana. (Siku mbili, Dar, msibani.) Akakubali. Sufiani akauliza nilikaa pwani ipi. Maswali ya kipolisi!

Jumanne, 5 Agosti. Treni, Dodoma–Dar.

Tiketi nilikata mimi kwa simu. Mpango ulikuwa safi: mimi na Amira kiti kwa kiti, Sufiani behewa jingine. Stesheni nikagundua aliye behewa jingine ni mimi. Herufi za simu hii ni ndogo mno, mtu yeyote angekosea.

Nimekaa na mstaafu mmoja, kanieleza kilimo cha alizeti kuanzia Dodoma hadi Dar, pamoja na wadudu wake. Nilipokwenda kuwakagua wenzangu niliwakuta wanatafuna michembe yangu niliyompa Amira anishikie. Viazi alivyonikaushia mama kwa mkono wake! Sufiani akanikaribisha nile. Anikaribishe kwangu! Mhudumu akaniomba nirudi kwenye kiti changu.

Jumatano, 6 Agosti. Bagamoyo.

Nimeamua kuzungumza kipwani. Nilimwamkia muuza kahawa kwa madaha, nikavuta maneno kama mtu asiye na haraka. Akaniuliza natoka Mwanza au Shinyanga. Nikasema Tanga. Akacheka mpaka akaweka birika chini. Amira naye akacheka. Sufiani hakucheka. Alinihurumia, na hilo ndilo lililoniuma.

Ufukweni Amira alichovya kidole baharini, akaonja. Akasema baba yake alimwambia maji haya ni machungu kuliko dawa, naye alidhani anatia chumvi. Nilianza kumweleza habari za kupwa na kujaa. Akaniomba ninyamaze. Mimi, msemaji!

Alhamisi, 7 Agosti. Tanga.

Mpango mpya. Basi la kesho la Pangani linaondoka saa mbili asubuhi. Sufiani nimemwambia saa nne. Tutafika kwa bibi mimi na Amira tu, nitasema maneno yangu, naye Amira ataona mwanaume ni yupi.

Ijumaa, 8 Agosti. Pangani.

Msemaji hawezi kuingia kwa watu na mikunjo, kwa hiyo nilipiga pasi shati. Nikafika stendi saa mbili na dakika tano. Basi limeondoka. Sufiani yumo! Eti jana alikwenda kumuuliza dereva mwenyewe. Mtu anakosaje imani na rafiki yake hivyo? Wanadai walinipigia mara sita. Simu ilikuwa kwenye chaji.

Nikapata gari la saa nne. Njiani nikabadili hotuba. Kwa nini kumvunja moyo mtu mzima siku ya kwanza? Aambiwe mwanawe anasalimia. Mengine polepole, kesho.

Nikapiga hodi, nikaingia. Wamekaa mkekani. Sikuwatazama nyuso, nisije nikasahau. Nikaanza palepale.

"Shikamoo, bibi. Nimetoka kwa mwanao. Mzima kabisa, anakusalimia, amesema atakuja kabla ya vuli."

Amira akajifunika uso kwa mtandio. Ndipo nikaona macho ya bibi, mekundu. Sufiani alikwisha kumwambia, kwa maneno matatu: "Bibi, mwanao ametutangulia." Matatu! Mimi nilikuwa na kurasa mbili.

Nilitaka kutoka. Bibi akanishika mkono.

"Rudia, mwanangu."

Nikarudia. Pale kwenye vuli ilibidi nifute macho. Vumbi la barabara ile. Bibi akalia, halafu katikati ya kilio akacheka kidogo.

"Miaka thelathini nangoja mtu asimame mlangoni aniambie hayo," akasema. "Ni uongo, lakini umeusema vizuri. Mpeni chai."

Amira akanimiminia yeye mwenyewe. Sufiani akanisogezea mkeka. Nikaukalia, lakini sikumshukuru.

Jumamosi, 9 Agosti. Basi, kurudi.

Bibi amemtaka Amira akae wiki mbili. Sufiani naye kabaki, eti paa linavuja. Mimi wameniomba nitangulie Kahama. Ni wazi wanahitaji mtu wa kuaminika kule.

Na hotuba yangu ndiyo iliyomchekesha bibi, si ya Sufiani. Kipaji hiki hakifai kulala. Nimewaandikia wachimbaji watatu wa Geita kwamba Desemba nitawaongoza Kilwa, mji niliokulia. Wamekubali wote.

Nimemuuliza konda kwa sauti ya chini kama Kilwa tumeshaipita. Anadai iko upande mwingine kabisa, kusini mwa Dar. Makonda wa siku hizi hawazijui barabara.