Hamsini kwa Hamsini

Jumatatu, 11 Agosti
Mechi mia kama mchezaji wa tenisi wa kulipwa. Nimeshinda hamsini, nimefungwa hamsini. Klabuni kwetu hapa Skövde, Uswidi, picha ukutani ni ya aliyeshinda mechi nyingi kuliko alizofungwa, basi. Torvald Ekdahl, mwenyekiti, ana sitini na moja kwa sitini, na picha yake kubwa kama mlango! Leo kaniuliza mbele za watu, ati Sixten, miaka arobaini na moja, utapanda ukutani lini, au unangoja ngazi? Wakacheka. Nimechemka! Ushindi mmoja tu, nastaafu. Mashindano yanaanza keshokutwa. Nimepangwa na Linus Hagberg, ambaye sijawahi kumfunga.

Jumanne, 12 Agosti
Nimemwalika Linus kula kamba wa mtoni. Mwezi wa nane, msimu wa kamba, nani atakataa? Kofia za karatasi, nyimbo, na kila wimbo glasi ya pombe kali. Yangu namwagia maua. Nyimbo kumi na nne! Kaniita kaka, kanikumbatia, kalala chini ya meza. Saa kumi jioni!

Jumatano, 13 Agosti
Linus hakutokea uwanjani. Nimerusha raketi juu! Ndipo mwamuzi mkuu, mama mmoja mkavu, akaniambia ushindi wa mezani unanivusha raundi ya pili ila hauingii kwenye rekodi. Hauingii! Nikapiga kelele. Akasema pole baba, anayefuata.

Alhamisi, 14 Agosti
Raundi ya pili: Melker, kitoto cha miaka kumi na tisa. Mipira yangu ya kuanzisha, kumi na moja mfululizo, imetoka nje. Kanifunga sita sifuri, sita moja. Hii sasa imeingia kwenye rekodi, tena upesi! Torvald kaniandikia, usijali, ukuta hauhami. Mshenzi! Nitamkomesha. Nimepeleka hoja kwa mkutano wa wanachama: picha ni ya aliyezidisha ushindi kwa angalau mechi mbili, na asisamehewe mtu yeyote. Yeye kazidisha moja. Atashuka!

Jumapili, 17 Agosti
Mkutano. Kahawa, maandazi ya mdalasini, na hoja yangu ya kwanza. Imepita! Torvald mwenyewe kanyoosha mkono, kisha kaenda kuishusha picha yake. Moyo wangu ukaburudika, dakika mbili hivi.

Hoja ya pili ilikuwa ya Torvald. Sixten atundikwe bila kutazama rekodi, kwa kuwa kawafundisha watoto wetu miaka ishirini. Ukumbi mzima makofi! Katibu akakohoa, akasoma tulichopitisha punde tu: asisamehewe mtu yeyote. Torvald akaniambia, aisee Sixten, na msumari nilishaleta.

Angesema mapema angepungukiwa nini? Huruma yake siitaki! Hamsini kwa hamsini na moja. Ushindi wa mechi tatu tu na ukuta ni wangu peke yangu. Ijumaa kuna mashindano mjini Borås. Safari hii nimezisoma kanuni: anayekimbia katikati ya mechi anahesabiwa kafungwa, na ushindi huo unaingia kwenye rekodi. Na mpinzani wangu wa kwanza, nimeulizia, anaogopa mbwa. Kesho naazima wa jirani.