Kuhusu Ubongo Wangu wa Kushoto na Mke Wangu Aliyehamishwa Gari

Kwa Ndugu Mwezeshaji wa Semina ya Ubongo na Mitindo ya Kujifunza.
Nakala: Bosi wetu, mwenye shule ya udereva (aisome akiwa ameketi).

YAH: OMBI LA KURUDISHIWA MWANAFUNZI MMOJA AMBAYE PIA NI MKE WANGU

Ndugu Mwezeshaji,

Salamu nyingi. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na ubongo wako, pande zote mbili. Mimi ni yule mwalimu wa udereva mwenye upara aliyekaa karibu na dirisha siku ya semina yako, yule uliyemwambia mbele ya wenzake kwamba ubongo wake wa kushoto umeuonea ule wa kulia mpaka umenyamaza. Watu walicheka. Nami nilicheka, maana nilidhani ni mzaha. Sikujua kwamba Bosi alikuwa anaandika.

Siandiki kugombana. Nina ombi moja tu, na nalisema mapema ili usihangaike kulitafuta: mke wangu arudishwe kwenye gari langu la mafunzo kabla ya mtihani wake wa Alhamisi. Yeye ni mkunga. Zahanati imemwahidi gari la kuwafuata wajawazito majumbani, ila kwanza apate leseni. Mtihani wa kwanza alifeli, wa pili akafeli kwa heshima zaidi, na huu wa tatu nilikuwa namwandaa mwenyewe. Ndipo ukaja wewe na karatasi zako. Ukasema yeye ni mtu wa ubongo wa kulia na hujifunza kwa sikio, mimi ni mtu wa ubongo wa kushoto na hufundisha kwa jicho, kwa hiyo kutuweka gari moja ni sawa na kuwasha redio mbili chumba kimoja. Kesho yake Bosi akamhamishia kwa Polepole.

Polepole ni mwalimu mwenzangu. Tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kupandisha sauti tangu tumfahamu. Hata siku mwanafunzi wake alipomkanyaga kidole cha mguu kwa tairi, alisema, "Samahani, naomba usogee mbele kidogo." Sina ugomvi naye. Lakini kuna mambo lazima uyajue.

1. Kuhusu wanafunzi kwa jumla. Kabla ya semina yako wanafunzi wetu wote walijifunza kwa mtindo mmoja, nao ni woga, na ulitufaa sana. Sasa umewagawa makundi matatu, wa jicho, wa sikio na wa mkono, na kila mmoja ametoka na cheo chake kifuani. Kinyozi ninayemfundisha asubuhi ametangaza kwamba yeye ni wa sikio. Tulipoukaribia mzunguko mkubwa wa barabara alifumba macho ili ayasikie magari vizuri. Nilikanyaga breki yangu. (Magari yetu yana breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu upande wa abiria, na hii ya pili ndiyo inayonifikisha nyumbani kila jioni.) Nilipopata pumzi nikamuuliza kulikoni. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba macho humchanganya.

Fundi cherehani ni wa mkono. Hawezi kujua ukingo wa barabara uko wapi mpaka auguse, na kwa kuwa mikono imeshika usukani, huugusa kwa tairi. Ameshaugusa wote, toka sokoni mpaka posta. Mchora mabango naye, jicho tupu, husoma kila bango tunalopita, na akikuta herufi zimepangwa ovyo husimama katikati ya barabara kusikitika. Honi wanazotupigia hazisikii. Anasema si mtu wa sikio.

2. Kuhusu uandishi. Hili ndilo lililoniuma. Ulitaka kila mwalimu aandike taarifa ya mwanafunzi mmoja, ukazisoma zote, kisha ukainua yangu juu kama mtu aliyeokota soksi ya mgeni. Nilikuwa nimeandika hivi juu ya mke wangu: "(a) Klachi anaikanyaga kama anaua mende. (b) Indiketa anaiwasha baada ya kukata kona, kama shukrani. (c) Kioo cha pembeni anakitumia kutazama kilemba." Ukasema huo ni uandishi wa ubongo wa kushoto: namba, mpangilio, hakuna moyo. Kisha ukaonyesha ya Polepole. Hakuwa ameandika sentensi hata moja! Alichora duara katikati ya karatasi, ndani yake "Mama" (ndivyo anavyowaita wanafunzi wake wote wa kike), na kutoka kwenye duara vijiduara vingine vikitawanyika kama mayai ya chura: "utulivu", "huruma", "gia ya tatu". Pembeni akachora ua. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Ndugu yangu, nimefundisha udereva tangu nikiwa na nywele. Gia ya tatu haihitaji ua.

4. Lalamiko la tatu nimeliruka makusudi, ili ushuhudie kwamba ubongo wangu wa kulia u hai na unaweza kuanzia popote unapopenda, kama ulivyotufundisha. Nimejaribu kuendelea hivihivi. Nimeshindwa. Tafadhali lisome hili kama la tatu.

3. (lililokuwa 4) Kuhusu mazoezi ya nyumbani. Ulisema kwamba anayetaka kuuamsha ubongo wa kulia aandike kwa mkono wa kushoto. Basi siku moja, mke wangu akiwa kazini, nikaketi mezani nikamwandikia kibarua kwa mkono wa kushoto, maneno machache tu ya moyoni. Jasho lilinitoka. Nilipomaliza, herufi zilikuwa zimelala kila moja upande wake. Nikakiweka juu ya mto wake, nikatoka kwenda kazini nikijiona kijana.

Yeye akarudi, akakitazama, akakigeuza juu chini, akaona mwandiko wa mumewe umevurugika kiasi hicho, na mkunga ni mtu wa afya. Akajua ni kiharusi. Nilipofungua mlango jioni sebule ilikuwa imejaa. Shemeji yupo, dada yangu yupo, mama mkwe amekalia kiti changu akiwa ameshika kichwa, na jirani ambaye hatusalimiani yupo pia, macho yamemtoka. Niliamriwa niinue mikono yote miwili. Nikainua. Niliamriwa nitabasamu. Nikatabasamu, mama mkwe akaanza kulia, akasema upande mmoja umekwenda. Hapana, ndivyo ninavyotabasamu siku zote, ila alikuwa hajawahi kunitazama kwa muda mrefu hivyo.

Waliniuliza kile kibarua kilisema nini. Mbele ya wakwe? Nikasema ilikuwa orodha ya vipuri. Ukweli nakwambia wewe, maana hunijui: kilisema, "Rudi kwenye gari langu. Kiti chako ni kipweke."

5. Kuhusu saa zetu. Hapa nitasema wazi na usinicheke. Mke wangu hufanya kazi kwa zamu, nami hutoka alfajiri na kurudi nimechoka. Watoto wamekua, wameondoka. Nyumbani tunapishana mlangoni kama abiria, huyu anashuka, yule anapanda. Lakini kwenye lile gari la mafunzo, kutoka getini kwetu hadi zahanati, tulikuwa pamoja, na yeye akiendesha huongea. Mle ndimo nilimojua kwamba rangi ya sebule yetu haipendi hata kidogo, rangi niliyoichagua na kuipaka mwenyewe. Mle ndimo alimonisimulia mapacha waliozaliwa umeme umekatika. Kweli, nilikuwa namkatiza. Nikisema "kioo!", "gia!", "mama wee!", hadithi hukatika. Na ni kweli mguu wangu huwahi breki mapema kidogo, kwa ajili ya usalama. Lakini tulikuwa pamoja! Sasa hadithi zote anazisikia Polepole, na hata hazimhusu.

6. Kuhusu mantiki ya jambo zima. Kama ubongo ndio mwamuzi, basi tusifanye nusunusu. Taa za barabarani ziimbe, kwa ajili ya watu wa sikio. Alama za "simama" zipakwe manyoya, watu wa mkono wazipapase. Askari wa barabarani wapimwe, na dereva akisimamishwa awe na haki ya kuuliza, "Samahani afande, wewe ni wa upande gani?", na wasipolingana aletewe askari mwingine. Na kwa nini tuishie barabarani? Msajili wa ndoa naye awe na karatasi zako mezani. Maana kwa hesabu yako, mimi na mke wangu tumeishi miaka yote hii kwa kosa la kitaalamu, tumezaa watoto watatu kwa kosa la kitaalamu, na tumecheka sana pia, kwa kosa hilohilo. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi mwenye upara nilipaswa kujua mapema kwamba katika mgao huu nitarudi mikono mitupu.

Hivyo basi, naomba kwa heshima na taadhima umwandikie Bosi barua fupi, kwa mtindo wowote, hata ukichora ua, umweleze kwamba umepima upya na kugundua yafuatayo: kwamba mume anaweza kumfundisha mkewe bila kujali pande za kichwa, kwamba mimi nina moyo, ila nimeupangia namba, na kwamba mwanafunzi arudishwe kwa mwalimu wake kabla ya Alhamisi. Ukikataa, sitakasirika. Nitamwelekeza kinyozi kwako, akuendeshe kwenda semina yako ijayo.

Wasalimie wote waliokuja nawe, yule dada aliyekuwa anagawa kalamu za rangi, na mpiga picha aliyenipiga nikiwa nimepiga miayo. Hapa kwetu Bosi ni mzima, Polepole ni mzima, matairi hayajambo sana. Mama mkwe bado ananiangalia upande mmoja wa uso.

Wako katika ujenzi wa madereva, mwenye nia njema na breki ya ziada,

Mwalimu wa Gari la Pili.

Tanbihi: Barua hii nilikusudia uipate kabla ya mtihani, lakini nilikuwa naisahihisha mpangilio, na kila nikiisahihisha lile lalamiko la nne lilinisumbua. Leo ni Ijumaa. Naongeza maneno haya nikiwa ndani ya gari jeupe la zahanati, tukielekea posta kuituma. Mwandiko unaruka kwa sababu ya matuta, si kiharusi; nakuomba usimwambie mtu vinginevyo. Anayeendesha ni mke wangu. Alifaulu jana, na mtahini amemsifu, hasa kwa indiketa.

Asubuhi barua hii ilikuwa mezani, akaisoma yote. Alicheka mpaka akashika ubavu. Alipofika kwenye kile kibarua cha mkono wa kushoto akajifuta macho na ncha ya kilemba. Kisha akaniambia kwamba wewe hukumhamisha. Ni yeye aliyemwomba Bosi, kabla hata hujaja na semina yako, ila hakujua aniambieje bila kuniumiza. Karatasi zako zilimpa tu sababu ya adabu. "Wewe unakanyaga breki kabla sijakosea," alisema. "Sasa mimi nitajuaje kama ningekosea?" Nikautazama mguu wangu wa kulia.

Nikamuuliza mke wangu, basi Polepole alimfundisha kwa mtindo gani, wa sikio au wa jicho. Akasema hakuna mtindo. Akikosea, Polepole husubiri, kisha humwambia, "Pumua, mama." Basi. Neno hilo yeye, mkunga, huwaambia wanawake kutwa nzima, mwaka hadi mwaka, na anasema hakuna aliyewahi kumwambia yeye. Nami nimekaa naye nyumba moja muda wote huo. Hilo limenichoma, sitaki kulificha.

Kwa hiyo malalamiko yote yafutwe, la kwanza hadi la sita, na la nne popote lilipo. Semina ijayo niwekee kiti, upande wowote. Mke wangu amesema kuanzia Jumatatu atanipitisha kazini kila akiwa na zamu ya asubuhi, na kwamba hadithi ya wale mapacha bado haijaisha, mwisho wake hakumwambia Polepole.

Tumeupita ule mzunguko mkubwa sasa hivi. Mguu wangu umekanyaga zulia mpaka kisigino kimeuma, maana kiti ni cha upande uleule lakini breki haipo. Hakugeuka kunitazama. Amesema tu, "Pumua, mwalimu."

Nimepumua.