Usitikisike Alivyoliteka Lori la Maji

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama, wekeni vikombe chini mnisikilize! Nawaletea habari za Usitikisike, mpiga picha za pasipoti, bwana wa stuli na pazia jeupe, ambaye kwa miaka ishirini na miwili aliwaamuru wakubwa kwa wadogo watulie wasipepese macho, nao wakatii. Na jinsi alivyotoka barabarani kupambana na kitu kisichokubali kusimama.

Kitu hicho kilikuwa lori la maji, na dereva wake alikuwa binti yake wa pekee, aliyeajiriwa mwezi huo. Kila asubuhi saa mbili lilipita mbele ya studio, wala halikuruhusiwa kusimama. Wiki iliyofuata binti angehamishiwa njia nyingine. Baba akaapa kumpiga picha akiwa kazini: uso wake uonekane wazi, na dunia nyuma yake ipite kama upepo.

"Si umpige siku lori limeegeshwa?" akauliza mkewe, fundi cherehani wa mlango wa pili.

"Mke wangu!" akanguruma shujaa, mkono kifuani. "Lori lililoegeshwa hata mimi naweza kuliendesha!"

"Haya. Chai yako inapoa."

Basi akaiagiza kamera ifumbue jicho taratibu, sehemu moja ya thelathini ya sekunde. Akasimama ukingoni mwa barabara, viwiko vimebana mbavu, na kila gari lililokuja akalifuata kwa kiuno, akabonyeza. Siku ya kwanza alishambulia magari mia na kumi, akarudi na ngawira ya lami, ukungu na nusu gurudumu. Siku ya pili alizunguka kupita kiasi akamnasa mkewe mlangoni, naye akatoka pichani na vichwa vitatu, vyote vikimcheka. Siku ya nne kiuno kiliasi, kikapakwa dawa ya misuli. Na kila asubuhi lori lilipita, likaacha ukungu mwingine.

Siku ya tano jioni aliketi kwenye stuli yake mwenyewe. Mkewe akaja, sindano mdomoni.

"Baba nanihii, nakuona toka kwenye cherehani. Ukishabonyeza tu, unasimama. Mimi nikiacha kuivuta nguo sindano ikiwa bado ndani, mshono unapinda. Wewe bonyeza, halafu endelea kuzunguka."

Jemadari akainamisha kichwa. "Umesema, fundi."

Jumamosi, saa mbili na dakika nne, honi ikalia. Lori likatokea, kubwa, likidondosha maji. Usitikisike akaliteka kwa jicho, akageuka nalo, akabonyeza, akaendelea kugeuka, akageuka hata lori lilipokwisha kupita, mpaka akaukumbatia mlingoti wa umeme.

Na tazameni picha! Kuta na miti vimeyeyuka kuwa mistari. Na katikati, wazi hadi kifungo cha kola, binti yake, anapiga miayo.

"Baba jamani!" akalia binti jioni. "Siku tano nzima nimekutabasamia!"

"Meno yote yapo," akasema mama, akiisogeza picha kwenye taa.

"Huyu," akatangaza baba, "ni mtu aliyeamka alfajiri kwenda kazini kwake."

Akaitundika juu ya kamera, mahali pa heshima. Ndivyo mwendo ulivyotekwa pasipo kusimamishwa. Na tangu siku hiyo kila ajaye kupigwa picha ya pasipoti huitazama, hupiga miayo, naye shujaa humsubiri amalize.